Ndege Mbaya

Kila mwaka, majira ya joto yakitulia, watu wa manispaa huja kuziba mashimo ya barabara mbele ya jengo letu hapa Vällingby, katika nchi ya Waswidi, na kila mwaka mimi hufunga madirisha yote kabla lami haijamwagwa. Majirani wanadhani nina pumu. Nimewaacha waamini hivyo, maana kuna mambo ukianza kuyaeleza kwenye ngazi utamaliza umekaa chini. Kwangu mimi harufu ya lami si harufu ya barabara. Ni harufu ya mdomo wa mzee mmoja wa Kifini aliyekuwa akiishi ghorofa ya chini yetu, na ikinifikia puani tu, nasikia tena viatu vya mgeni vikipanda ngazi.

Mzee huyo aliitwa Veikko. Sisi watoto tulimwita farbror Veikko. Kwa Kiswidi farbror ni ndugu wa baba, lakini Waswidi wa siku zile walimpa jina hilo mwanamume yeyote mwenye mvi, na mama yangu, mtu wa Tanga, jambo hilo lilimkera. "Baba mdogo haokotwi kwenye ngazi," alisema. "Baba mdogo wako ni Idrisa, yuko Jinja, basi." Idrisa nilimjua kwa picha moja tu iliyokaa juu ya redio, kijana mwembamba anayecheka na mtu asiyeonekana pichani.

Farbror Veikko alikuwa akimung'unya peremende nyeusi za kwao, zinazotengenezwa kwa lami ya msonobari. Mimi sikulijua hilo la msonobari. Nilinusa, nikaunganisha mambo, na kwa muda mrefu niliamini kabisa kwamba yule mzee anakula barabara. Nilimwogopa kidogo kwa ajili hiyo na nikampenda zaidi.

Wakati wa vita alikuwa rubani wa ndege za kivita, zile za pangaboi, za mtu mmoja. Alizungumza Kiswidi kibovu kuliko chetu, na hilo lilitupa raha isiyo na kifani, kwa sababu katika jengo lile sisi tulizoea kuwa wa mwisho. Dirishani kwake zilipangwa ndege ndogo alizochonga kwa kisu, zote zimetazama ndani ya nyumba badala ya nje. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba nje wanatazama watu wasiojua kinachowajia, akacheka peke yake.

Somo la kwanza alinipa kwenye mteremko nyuma ya jengo, theluji ikiwa ngumu, mimi na kigari changu cha kutelezea. Aliniambia nipande hadi juu kabisa, kisha akaniuliza kwa sauti kutoka chini, "Sasa una nini?"

"Sina kitu, farbror."

"Unacho. Una kilima. Teleza!"

Niliteleza mpaka bondeni, na kwa ule mwendo nikapanda upande wa pili karibu hadi kwenye ua wa majirani. Akapiga makofi. Akasema kilima kimegeuka mwendo, na mwendo umegeuka tena kilima, na mpaka hapo sijapoteza kitu ila kidogo tu. Mara ya pili akaniambia nikifika katikati nikate kona kwa nguvu zangu zote. Nilikata. Theluji iliruka usoni, kigari kikasota, kikasimama kimya.

"Kilima chako kiko wapi?" akauliza.

Niligeuka kutazama. Kilima kilikuwa palepale, lakini nilielewa kwamba hakikuwa changu tena.

"Umekimwaga kwenye kona," alisema. "Vijana wote wanafanya hivyo. Wanapenda kona."

Mengine alinifundisha jikoni kwake, kwa mikono miwili. Mkono wa kushoto ulikuwa adui na wa kulia ulikuwa yeye. Ndege yake ilikuwa nzito na imechoka, ya adui ilikuwa nyepesi, inaweza kujizungusha mahali padogo. Basi alikuwa na sheria. Usizunguke na anayejua kuzunguka kuliko wewe. Kila kona kali inakula mwendo, na injini haina nguvu ya kuurudisha upesi. Mwendo ukiisha utalazimika kushuka ili uupate, na ukishuka umetumia kimo, na kimo ndiyo akiba yako yote. Kaa juu. Shuka mara moja, piga, usisubiri kuona umempata au umemkosa, tumia mwendo huohuo kupanda tena. Akikuchokoza, mwache. Akipanda mbele yako na wewe huna mwendo, usimfuate, utaning'inia miguuni pake kama nguo kwenye kamba.

Niliyapeleka hayo mezani kwetu, nikamwambia Baba wakati wa chakula. Baba alifurahi. Kwao alikuwa mwalimu wa jiografia, na hapa alikuwa akipakia mikate kiwandani, kwa hiyo mtu akimletea elimu yoyote nyumbani alimpokea kwa heshima. "Akiba haiozi," alisema. "Hii Mfini yako iko Mswahili." Kiswahili cha Baba kilikuwa cha Uganda, cha barabarani na cha kambini, ambamo kila kitu ni "hii": hii mtu, hii kitabu, hii ng'ombe. Mama alimtania kwamba Kiswahili chake kimevaa buti. Mimi nilikuwa nikiwajibu wote wawili kwa Kiswidi, na kile Kiswahili kidogo nilichokuwa nacho, nasema kwa aibu, kilikuwa cha Baba. Kumbuka jambo hili la "hii", maana ndilo lililonipoteza.

Siku moja nilipanda kutoka kwa Veikko nikiwa na ndege ya mti aliyonipa iwe yangu, nimeificha ndani ya koti nipate kuwashangaza. Mlangoni palikuwa na viatu nisivyovijua, vya ngozi ya kahawia, vyembamba, viatu vya mtu asiyekusudia kukanyaga theluji muda mrefu. Sebuleni alikaa mgeni. Alijiita Bwana Sadiki. Alileta kahawa, karanga na miche miwili ya sabuni ya kwao ambayo Baba aliinusa akafumba macho. Alicheka vizuri, alinibana shavu, alimwita Mama "shemeji". Nilimpenda papo hapo. Aliongea habari za mvua na za mpira, na alipokuwa akivaa viatu vyake akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, "Watu kule nyumbani nauliza wewe sana, ndugu yangu. Iko watu kubwa nauliza." Kisha akashuka ngazi akipiga mluzi.

Baba alisimama sebuleni na sabuni mkononi. Mama alikuwa tayari anafungua madirisha, ingawa nje palikuwa na baridi ya kuua.

"Nilijua tangu asubuhi," alisema. "Jicho la kushoto lilinicheza. Ndege mbaya huyu."

"Wacha ushirikina," Baba alisema.

"Mimi nakwambia, ndege mbaya huyu, na amekwisha tua ndani."

Koti langu lilikuwa bado limefungwa, na ndani yake ile ndege ya mti imenigusa mbavu. Nilidhani Mama ameiona. Watu wa pwani wakisema ndege mbaya wanasema dalili ya shari, mkosi unaobisha hodi. Mtoto aliyelelewa Tanga angesikia lile "huyu" akajua mara moja kwamba hakisemwi chombo, kinasemwa kiumbe. Mimi nilikuwa mtoto wa "hii". Nilikwenda chumbani nikaisukuma ndege yangu chini ya kitanda, mbali hadi ukutani, nikalala nikiisikiliza.

Kesho yake nilishuka kwa Veikko nikamuuliza kwa Kiswidi, neno kwa neno, kwa hofu ya kweli, "Farbror, ndege mbaya ni ipi?"

Mtu mzima mwingine angecheka. Yeye aliweka kisu chini.

"Ndege mbaya," alisema, "si ile inayokupiga risasi kutoka mbele. Hiyo unaiona. Mbaya ni ile iliyo juu yako na haina haraka. Inashuka, inakugusa kidogo, inapanda tena. Haikai kupigana. Kila ikishuka wewe unageuka kwa hasira, unamwaga mwendo wako. Haijakupata bado. Lakini sasa uko chini zaidi kuliko ulivyokuwa, nayo iko palepale."

Akanionyesha kwa mikono. Mkono wa kushoto juu, umetulia. Mkono wa kulia ukizunguka, ukizunguka, kila mzunguko karibu zaidi na meza.

"Halafu?"

"Halafu miti," akasema, akagonga meza.

Kisha aliniambia habari ya rafiki yake. Waliruka pamoja, na yule rafiki aliona chini kabisa ndege moja ya adui, peke yake, inakwenda polepole juu ya vilele vya misonobari kama iliyoumia. Windo la bure. Veikko alimkataza, rafiki akashuka hivyohivyo. Ile ya chini ilikuwa chambo. Wenzake walikuwa juu, kwenye jua, wamekaa tu. "Ukiona kitu chini, kiko peke yake, kinakuvuta moyo," alisema, "usikitazame. Tazama juu yake." Peremende ilikuwa imekwisha mdomoni, lakini aliendelea kuimung'unya.

Bwana Sadiki alirudi baada ya theluji kuyeyuka. Safari hii hakupanda. Baba alimkuta amekaa kwenye benchi pale uwanjani Vällingby, karibu na mabomba yanayorusha maji juu, anakula aiskrimu. Tulikuwa pamoja, mimi nimeshika mkono wa Baba. Alinisalimia kwa jina, alinipa ile aiskrimu yake nimalizie, nami nikaipokea. Akamwambia Baba, bado anatabasamu, "Kule nasema wewe naogopa. Nasema mwalimu najificha chini ya sketi ya Wazungu."

"Nani nasema?" Baba aliuliza.

"Watu. Mimi nakatalia wao." Akapangusa vidole, akaaga, akashuka kwenda kupanda treni.

Mkono wa Baba uliniminya hata nikalia. Jumapili ile alikwenda Skärholmen, walikokuwa wakikutana watu wa kwetu, Waganda na Watanzania, Waislamu na Wakristo, kunywa chai na kubishana. Alisimama mbele yao wote akalitaja jina lake kamili na jina la kijiji chake, akasema kila alilokuwa amelimeza juu ya wale wanajeshi waliotwaa nchi na kumfanya mkimbizi. Mama alimsubiri dirishani. Aliporudi uso wake uling'aa. "Sasa wajue mimi siogopi wao," alisema.

"Siwaogopi," Mama alimsahihisha, kwa mazoea tu, na sauti yake haikuwa na utani hata kidogo.

Tangu siku hiyo simu yetu ilinyamaza. Rafiki zake walikuwa na ndugu kule, na nani ataonekana na mtu aliyetaja jina lake? Mtu aliyezoea kuja Ijumaa baada ya swala akapata kazi za Ijumaa. Mwingine alituona kwenye stesheni ya Spånga, akageuka kusoma ratiba ya treni ambayo naamini aliijua kwa moyo. Baba aliacha masomo ya jioni ya Kiswidi. Aligombana na msimamizi kiwandani. Alikaa akisikiliza redio ya mawimbi mafupi, picha ya Idrisa ikitetemeka juu yake. Nilikuwa mtoto, sikujua siasa hata herufi moja, lakini kona nilizijua. Nilimwona Baba akizunguka, na kila mzunguko alikuwa karibu zaidi na meza.

Mgeni alipokuja mara ya tatu, alipanda ngazi bila haraka. Hakuleta kahawa. Alikataa kukaa. Alisimama kwenye zulia na viatu vyake miguuni, na kwetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

"Idrisa iko ndani," alisema. "Nashikwa. Pole sana. Lakini wakubwa nasema, kama kaka yake nakuja, nakaa, naongea nao kidogo tu, basi kijana natoka siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe tapeleka wewe."

Mama alikaa chini sakafuni. Baba hakuuliza wamemshika wapi, wala lini, wala nani amemwona. Aliangalia ile picha tu.

Alipoondoka mgeni, nilisema. Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nilisema kwa Kiswahili, ili anisikie vizuri, "Baba, usizunguke naye. Hii iko chambo. Tazama juu yake."

Baba alipiga goti mbele yangu. Alinishika uso kwa mikono miwili yenye harufu ya mkate. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kwa mara ya mwisho ninayoikumbuka mimi, alisema Kiswahili kilichonyooka, kama cha Mama.

"Ile ni ndege, mwanangu," alisema. "Huyu ni ndugu."

Mama alimwomba. Alimwomba kwa Mungu, kwa mtoto, kwa mahari yake. Alimwambia subiri, tuulize, tutafute mtu aliyevuka mpaka atuambie ukweli. Baba alisema akisubiri na Idrisa akafa, atakula mkate gani tena katika dunia hii? Ninakasirika ninapoandika haya. Namkasirikia Sadiki, bila shaka, na namkasirikia Baba, na mara nyingine namkasirikia hata Veikko, kwa kujua yote yale na kuyamwaga kwenye sikio la mtoto wa darasa la pili.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege. Bwana Sadiki alikuwa kando yake na tiketi zote mbili mfukoni, mchangamfu, ananionyesha jinsi mizigo inavyotembea yenyewe. Kupitia kioo niliiona ndege kubwa, nyeupe, isiyo na pangaboi. Nilimvuta Mama kanga aliyoifunga juu ya koti.

"Ndege mbaya ndiyo hii?"

Mama alinitazama, kisha akamtazama Bwana Sadiki aliyekuwa akimfungulia Baba mlango. "Huyu," alisema. "Si hii. Huyu." Ndipo nilipolielewa neno lake, nikiwa nimechelewa, na sarufi hiyo sijaikosea tena.

Jioni ile nilishuka kumwambia Veikko kwamba Baba amekwenda kumtoa ndugu yake. Aliniuliza kama Baba alimwona huyo ndugu, au alisikia sauti yake. Nikasema hapana. Alichukua kopo lake la peremende akashindwa kulifungua, akaligeuzageuza, akalirudisha mfukoni.

"Alitazama juu?" aliuliza.

Habari hazikuja. Hazikuja za msiba wala za salama, na Mama hakukaa eda kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia akae. Alifanya kazi hospitalini, akapiga deki korido za watu wengine, na akanifundisha la kusema. Mtu yeyote akiuliza baba yako yuko wapi, awe mwalimu, jirani au mtu wa simu, jibu: yuko nyumbani. Ni kweli, alisema, kwao Uganda si ndiko nyumbani, na inafunga mdomo wa mtu. Nililisema kwa lugha zote mbili hadi likawa kama jina langu la pili. Veikko alirudi kwao Finland kufia huko, akaniachia ndege zake zote, nami nikazipanga dirishani zitazame nje.

Kisha utawala ule wa wanajeshi kule Uganda ulianguka. Tuliona kwenye televisheni watu wakicheza barabarani, na Mama akaiosha picha ya juu ya redio kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Hatukusema kwa sauti tulichokuwa tunangoja. Nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, mrefu kumpita, na kila nikisikia hatua kwenye ngazi nilishika kitasa kabla ya kengele.

Na kweli kengele ililia, mchana mweupe, Mama akiwa kazini. Nilifungua. Alisimama mwanamume mwembamba mwenye koti la kuazima, mvi zimemwanza kichwani, begi moja begani. Alicheka, nami nikakijua kicheko kile, nilikuwa nimekitazama miaka yote juu ya redio.

"Mtoto wa kaka!" alisema. "Hunijui? Mimi Idrisa. Mimi nakaa Nairobi hii miaka yote, najificha tangu siku kaka natoroka, nakosa anwani yenu. Sasa napata." Alikuwa akihema kwa furaha, na macho yake yalikwisha nipita, yanatafuta ndani. "Wao hapana nakamata mimi hata siku moja, Mungu mkubwa. Baba yako je? Iko?"

Nilijibu kama nilivyofundishwa. Lilitoka lenyewe kabla sijalikamata.

"Yuko nyumbani," nilisema.

Baba mdogo alivua viatu, akavipanga vizuri kando ya vyangu, akaingia ndani akiita, "Kaka! Kaka, mimi hapa!"